Sukari Iliyonyweshwa Mahindi

Pale kijijini, kwenye mgongo wa mlima unaotazamana na Vudee, wanawake walimwita Rahabu "Mkono wa Birika", na hawakumwita hivyo kwa siri. Walimwita kisimani, walimwita kwenye foleni ya duka la kijiji, na mmoja aliwahi kumwita hivyo msibani huku ameshika kikombe cha chai kilichotoka jikoni kwa Rahabu mwenyewe. Rahabu hakujali. Mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri akaambiwa mchana kwamba mzigo umekwisha, na huku gunia analiona kwa macho yake nyuma ya kaunta, hababaishwi na jina la utani.

Ilikuwa miaka ambayo sukari ilikuwa na cheo. Nyinyi mnaomimina sukari kwenye chai huku mnaongea na mtu mwingine, hata kijiko hamkitazami, mtanisamehe, lakini hamuijui sukari. Ilipandishwa mlimani kwa lori kutoka Same, mwezi ikija na mwezi isije, ikagawiwa na balozi wa nyumba kumi kwa kuita majina: nyumba ya fulani, watu kadhaa, sukari hii, mche wa sabuni mmoja, haya sogea. Wengine waliimaliza wiki ya kwanza, halafu wakashinda mwezi mzima wakilaani. Rahabu hakuwa na nafasi ya kulaani. Siku ya mgao alifunga mlango wa jikoni, akatoa kikombe chake cha bati, akagawa: hii ya nyumba, hii ya mgeni wa ghafla, hii ya debe. Ya nyumba ilikuwa ndogo kuliko ya debe, na hapo ndipo ugomvi wa nyumba ile ulipokuwa ukianzia.

Sabuni nayo aliikata vipande kwa uzi, akavianika darini juu ya moshi vikauke mpaka viwe vigumu, maana sabuni mbichi ni mlafi, inaisha kabla nguo haijatakata. Nguo za shamba alizifua kwa majani ya mpapai. Sufuria alizisugua kwa majivu. Watoto walikunywa chai kwa kung'ata kipande cha muwa pembeni, na yule mdogo kabisa aliingia darasa la kwanza akiamini kwamba ndivyo chai inavyonywewa dunia nzima.

Hakuwa bahili wa kuzaliwa. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo iliitwa Tumainieli. Binti yake huyo wa kwanza alikuwa ameposwa na kijana wa Gonja, na harusi ilipangwa baada ya Pasaka ya mwaka wa themanini na tatu. Sasa, harusi za miaka ile zilikuwa na kitu kinaitwa kibali. Ukitaka sukari ya harusi ulishuka mlima na barua ya kijiji mkononi, ukasimama dirishani kama mwombaji: njoo kesho, njoo Jumatatu, mhusika ametoka. Jirani yao mmoja alipanda na kushuka mpaka kandambili zikakatika, akarudi na kilo mbili. Kilo mbili, harusi nzima! Chai yenye sukari ilipelekwa meza kuu peke yake. Ndugu wa bwana harusi waliokaa nje chini ya turubai waliletewa isiyo na sukari, wakaonja, wakatazamana, wakaweka vikombe chini taratibu. Mama wa bibi harusi alijificha jikoni mpaka wageni wakaisha.

Rahabu alikuwa jikoni humo humo siku hiyo. Alimwona mwenzake akijifuta machozi kwa kitambaa cha kuipulia sufuria, na masizi yakampaka usoni. Akaapa pale pale. Harusi ya Tumainieli haitaomba kibali kwa mtu. Kila atakayefika, mpaka wale wasioalikwa, atakunywa chai tamu, na sukari yake itatoka katika mgao wa nyumba yake, kijiko kwa kijiko, mwezi hata mwezi. Watu wakacheka waliposikia. "Mali ya bahili huliwa na mchwa," walimwambia. Akawajibu kwamba debe lake ni la bati.

Kujinyima kule kulimuuma zaidi ya walivyodhani. Mama mkwe wake, Bibi Eliakunda, aliuguzwa mle mle ndani miezi yake ya mwisho, kwenye chumba cha nyuma, na debe lilikuwa limewekwa chini ya kitanda chake kwa sababu ndicho chumba ambacho watoto hawakuingia ovyo. Siku moja bibi yule aliletewa chai, akaionja, akakitazama kikombe. "Mwanangu," alisema, "hii chai imeiona sukari kwa mbali." Rahabu akacheka, akainama, akafungua debe, akamwongezea nusu kijiko. Bibi akashukuru. Haikupita muda wakamzika. Tangu hapo Rahabu hakuweza kulifungua debe lile bila kuisikia sauti ile, lakini hakulegeza. Alijiambia kwamba mjukuu ataolewa kwa heshima, na bibi huko aliko ataelewa.

Mumewe, Eliezeri, alikuwa mtu mpole. Ujanani alifanya kazi tambarare kwenye shamba la mkonge, karani wa mizani, akarudi nyumbani na mambo mawili: mwandiko mzuri na woga wa kila mtu mwenye kofia. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Nyumbani alikuwa na redio, ambayo betri zake alizianika juani juu ya paa kila asubuhi ili zipate nguvu, na jioni redio ilimlipa kwa kumtisha.

Mwaka ule ilimtisha kweli kweli. Ilitangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Nasi tuseme haki, walanguzi walikuwapo. Walikuwapo watu waliokalia shehena za vitambaa na khanga huku wenzao wakizikwa bila sanda. Lakini wenye maghala walikuwa na marafiki. Siku ya upekuzi waliijua kabla ya wapekuzi wenyewe. Waliobaki kupekuliwa ni wenye madebe.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, siku ya Jumatano alasiri, na kila nyumba ilitakiwa kufika. Aliyezungumza aliitwa Bartholomeo, katibu kijana aliyetumwa kutoka chini, amevaa suti ya kijivu ya mikono mifupi. Aliwekewa meza, kitambaa cha kushonwa kwa mkono, chupa ya chai na kibakuli. Rahabu alikaa mbele na wanawake wenzake, akakiona kilichomo kibakulini, na tangu hapo macho yake hayakubanduka.

"Ndugu wananchi," Bartholomeo alisema, akachota kijiko, "adui yetu leo haji na bunduki. Adui yuko uvunguni mwa kitanda." Akachota cha pili. "Mtu mwenye sukari zaidi ya mgao wa mwezi mmoja, huyo ni mlanguzi." Akachota cha tatu, akakoroga, akanywa, akapangusa midomo.

Wanawake walimeza mate. Mtu anaweza kusamehe hotuba, lakini vijiko vitatu, mbele ya watu walioisahau ladha yake, na mdomo huo huo unaowaita maadui! Rahabu akanyoosha mkono.

"Ndugu Katibu, shikamoo sikuamkii maana nimekuzidi umri, lakini nauliza. Mtu akiupata mgao wake kihalali, akajinyima, akaweka kwa ajili ya shughuli yake, naye ni mlanguzi?"

Watu wakaguna na kucheka, kwa kuwa kila mmoja alimjua anayeuliza. Bartholomeo hakucheka.

"Mama, mwananchi wa kweli hula mgao wake. Anayelimbikiza amelimbikiza. Kesho kutwa tunaanza nyumba kwa nyumba, na hakuna shughuli itakayomtetea mtu."

Makofi yakapigwa na wale ambao ni kazi yao kupiga. Rahabu aligeuka kuwatazama wanaume ili macho yake yakutane na ya mumewe. Kwenye gogo alipokuwa ameketi Eliezeri kulikuwa wazi. Akadhani ametoka kujisaidia.

Yeye mwenyewe hakuogopa. Alikasirika, na hasira iliifanya akili yake kuwa nyepesi. Akiwa njiani kurudi alishapanga. Kesho asubuhi atamwita balozi na majirani, alitoe debe mwenyewe mbele yao na aseme: lilijazwa hivi, kwa mgao huu mnaougawa wenyewe. Nani angemkatalia? Kijiji kizima kilimwita Mkono wa Birika kwa miaka miwili. Ule utani wote ungesimama kuwa ushahidi wake. Alimkuta Eliezeri ameketi barazani, redio imezimwa, akasema kichwa kinamuuma. Wakala makande, wakalala.

Sasa, kwetu milimani kuna ndiva. Ni bwawa la udongo ambalo mababu walilijenga juu ya mashamba. Kijito hulijaza usiku, asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji, shamba moja baada ya jingine, kila mtu kwa zamu yake. Ndiva ina wazee wake na miiko yake. Chungu chenye masizi hakitumbukizwi humo. Kufua humo ni marufuku, na mwenye kutia sabuni hutozwa mbuzi. Masika ya mwaka ule yalichelewa na mahindi yalikuwa yameanza kujikunja, kwa hiyo asubuhi ile ya Alhamisi watu walikuwa wamesimama kwenye mashamba yao na majembe, wakisubiri maji kama wanavyosubiri mgao.

Maji yakaja na povu.

Lilikuwa jeupe, limefura kama maziwa yaliyochemka yakamponyoka mpishi. Likajaa mfereji, likamwagikia kwenye maharage, likaning'inia kwenye majani ya migomba. Watoto walilirukia wakipiga kelele. Wanaume wakaita wazee. Kisha mtoto mmoja, na watoto ndivyo walivyo, akachovya kidole kwenye maji, akakilamba.

"Mama!" akapayuka. "Tamu!"

Rahabu alikuwa matuta machache chini yake. Alilisikia neno hilo, akaliacha jembe lilale lilipoanguka, akapanda kilima mbio, mwanamke wa umri wake, khanga mkononi.

Debe lilikuwa nje, juu ya kichanja cha vyombo, limefudikizwa. Eliezeri alikuwa amelisuuza. Kikapu cha sabuni kilikuwa pembeni yake, kitupu. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Baba Tumainieli, sukari iko wapi?"

"Punguza sauti."

"Iko wapi?"

"Nimeitia ndivani. Na sabuni pia. Jana, watu wote walipokuwa mkutanoni. Wanakuja kupekua kesho, Mama Tumainieli, ulimsikia mwenyewe. Nimekuokoa."

Rahabu aliketi chini, pale pale uani, kwenye vumbi. "Ulishindwa kuifukia?"

"Kilichofukiwa hufukuliwa. Maji hayafukuliwi."

Alikuwa ameifikiria! Hicho ndicho kilichomwunguza zaidi. Angekuwa ameitupa kwa wazimu wa dakika moja, mtu angeweza kumhurumia. Lakini alikaa kwenye gogo la mkutano akapima, akatoka akainamia mzigo, akapanda nao mara mbili mpaka ndivani, sukari kwanza kisha sabuni, kisha akarudi akasuuza debe kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Ungempa yule mjane, Lukia. Ungempa mchungaji. Ungewaita watoto wako mwenyewe wakae chini wale kwa mikono mpaka watapike. Na sabuni, sabuni majini, Baba Tumainieli! Ulitegemea itafanya nini?"

"Nilidhani itazama," alisema Eliezeri. "Ilikuwa ngumu kama mawe."

Mwanaume yule alikuwa na miaka hamsini na ushee, na maishani mwake hakuwahi kufua hata leso. Rahabu alimtazama, kisha akamwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu awe mkewe.

"Eliezeri. Mama yako aliniomba utamu na miguu yake ikiwa kaburini. Nikampa nusu kijiko. Debe likiwa chini ya kitanda chake mwenyewe, nikampa nusu kijiko! Nilimnyima mama yako, nikawanyima watoto wangu, nikajinyima. Wewe umeyanywesha mahindi ya watu."

Hapo baragumu likalia kule juu. Wazee wa ndiva walikuwa wanaita watu.

Walipofika, kesi ilikuwa imeshaanza bila wao. Mzee Paskali, mkubwa wa ndiva, alikuwa amekaa kwenye ukuta wa udongo, fimbo katikati ya magoti, na mbele yake alikuwa amesimamishwa Lukia. Huyu Lukia alikuwa mjane aliyefua nguo za walimu kwa malipo kidogo, na mwaka uliopita alikutwa akisuuza shuka karibu mno na mfereji. Hilo likatosha. Watu wenye hasira hawatafuti mkosaji, humtafuta aliye karibu.

"Nani mwingine anafua kila siku?" mmoja alisema. "Atoe mbuzi."

"Nitoe mbuzi gani?" Lukia alisema. "Nina mmoja, na maziwa yake ndiyo anayokunywa mtoto. Na hiyo sabuni ya kujaza ndiva nimeipata wapi? Mimi tangu Krismasi sijaona mche."

Ilikuwa hoja ambayo hata mbuzi mwenyewe angeielewa, lakini haikumsaidia. Mzee Paskali aliuliza kama yupo mwenye la kusema.

Rahabu akamtazama mumewe. Alikuwa miongoni mwa wazee, mahali pa heshima, kwa sababu ya kanisa. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Rahabu akasubiri. Aliona ni haki ampe nafasi. Akakohoa. Mzee Paskali akauliza mara ya pili, na Lukia akaanza kulia, na vidole vya miguu vya Eliezeri bado vilikuwa na mambo makubwa ya kutazamwa.

Rahabu akasimama.

"Mwacheni huyo mama. Sabuni ni yangu. Na sukari ni yangu, maana mmeshaionja, msijifanye. Miaka miwili nimeiweka kutoka kwenye mgao wangu, na nyinyi nyote mlikuwa mashahidi, mlikuwa mkinicheka. Ilikuwa ya chai ya Tumainieli. Ilikuwa ya vikombe vyenu! Jana tumeambiwa mwenye akiba ni adui, na hofu ikaingia nyumbani kwangu. Aliyeitia majini simtaji. Anajijua, na kama ana miguu atasimama."

Kila mtu alijua ni akina nani wanaolala nyumba ile. Hakuna aliyesimama.

Aliyesogea alikuwa Bartholomeo. Alikuwa amelala kijijini, na habari za povu zilikuwa zimemfikia akiwa kwenye chai ya asubuhi. "Amekiri!" alisema kwa furaha ya mtu aliyepata windo bila kutoka jasho. "Mgambo, mchukue. Atakwenda kueleza Same."

"Taratibu, kijana," alisema Mzee Paskali.

Nchi nzima inatusema sisi Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, nasi hatujawahi kukanusha. Kesi kwetu ni kitu cha thamani, na mtu hapewi kesi ya mwenzake kirahisi. Mzee Paskali alijiweka sawa kwenye ukuta wake.

"Hapa ni ndivani. Shauri lililo mbele yetu ni sabuni majini. Mshtakiwa amekiri, na hukumu inajulikana: mbuzi mmoja, na nyumba yake itaondoa tope ndivani. Limekwisha. Kosa moja halitozwi mara mbili."

"Kosa lake si sabuni, mzee! Kosa lake ni kulimbikiza sukari!"

"Sukari ipi? Nionyeshe."

Bartholomeo akautazama mfereji. Watu wote wakautazama pamoja naye.

"Iko kwenye mahindi," alisema Mzee Paskali. "Basi kamata mahindi."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwafanya ndege waruke. Mgambo, ambaye alikuwa mjukuu wa mzee yule yule, alipata ghafla kitu cha kurekebisha kwenye kiatu chake. Bartholomeo aliwatazama watu wale waliokuja na majembe kutoka mashambani, akasema serikali haichezewi, akaondoka. Rahabu peke yake hakucheka. Alikuwa anamfikiria mbuzi. Walikuwa na mmoja tu aliyenona, na alikuwa amenoneshwa kwa ajili ya harusi.

Ungedhani basi katibu yule aliaibika akarudi kwao. Kesho yake alipekua kama alivyoahidi, na kitongoji cha pili alimkuta mwanamke mmoja na kilo nne ndani ya mtungi, alizoziweka kwa ajili ya uzazi wa mwanawe. Wakamshusha Same, amekaa nyuma ya lori na mtungi wake mapajani. Hakukuwa na ndiva ya kumtetea. Nyumba ya Rahabu ilipekuliwa ikakutwa safi.

Jioni hiyo walikuwa wanarudi kutoka kuzoa tope, Rahabu mbele na Eliezeri nyuma, na Eliezeri alikuwa ameipata sauti yake.

"Unaona sasa? Yule wa kilo nne yuko ndani. Wewe ulikuwa na debe. Kama nisingeitupa, leo hii ungekuwa wapi?"

Ubaya ni kwamba ilikuwa kweli. Rahabu aliigeuzageuza kweli hiyo akitafuta mahali pa kuishika isimkate, akakosa. Nchi ilikuwa imempa haki mtu mwoga, na hakuna kinachochoma kama hicho.

"Ungesimama," alisema.

"Ningesimama niseme nini? Ulishasema yote."

"Nilisema kwa sababu hukusimama. Mbuzi wa Lukia ungemwacha aende."

"Lakini hakwenda."

Rahabu alitembea mpaka nyumbani, na wiki tatu zilizofuata alizungumza naye maneno ya lazima tu: chakula tayari, mlango haujafungwa.

Harusi ilifika. Mchungaji alifungisha, kwaya iliimba, Tumainieli alipendeza katika gauni la kuazima. Chai ilipikwa bila sukari. Rahabu aliamuru wote wapewe sawa, meza kuu na turubai, na hakujificha jikoni. Alibeba birika mwenyewe, akapita kwa kila mgeni. "Karibuni. Haina sukari. Sukari yake iko shambani." Wageni wa Gonja walitabasamu kwa adabu, wakaonja, wakatazamana, wakaweka vikombe chini taratibu. Aliiona ile taratibu yao. Alimwona na Tumainieli, kule meza kuu, akiwaona, kisha akiinamia maua yake. Waliomwita Mkono wa Birika walikuwepo, na siku hiyo hakuna aliyelitamka jina hilo, na kimya chao kilimuuma kuliko utani.

Mwisho wa mwezi wa tano lori likapanda. Balozi akaita majina, Rahabu akapokea mfuko wake wa mwezi, akarudi nao nyumbani. Hakufunga mlango wa jikoni. Alibandika sufuria kubwa, ile ya shughuli, akatia maji, maziwa na majani ya chai. Akaita watoto wake. Akamtuma mmoja amwite Lukia na wanawe. Chai ilipotokota alifungua mfuko, akaumimina wote, akaukung'uta, akaugeuza nje ndani, akaukung'uta tena.

Eliezeri aliingia na kumkuta anakoroga.

"Mama Tumainieli! Hiyo si ya mwezi mzima?"

"Ilikuwa."

"Na kesho tutakunywa nini?"

"Maji."

"Hubakizi hata kidogo? Huweki akiba?"

Rahabu aliuweka mwiko chini. "Akiba? Niliweka miaka miwili. Wanawake wenzangu wakaniita bahili, katibu akaniita adui, na wewe ukanifanya mtu wa kuokolewa. Sasa naweka mahali pasipopekuliwa. Kunyweni, watoto. Lukia, mwongeze huyo mdogo. Mpaka iishe."

Watoto walikunywa kama waliorogwa, midomo ikiwanata, wakarudi na vikombe, wakaongezewa, na hakuna aliyeambiwa basi. Lukia alikunywa akicheka na kutikisa kichwa. Rahabu alijaza kikombe cha mwisho, akampa mumewe. Eliezeri akapiga funda moja, uso ukamkunjamana. Ilikuwa tamu mpaka inakwaruza koo. Akatafuta mahali pa kukiweka.

"Maliza," alisema Rahabu.

Eliezeri akanywa yote, funda kwa funda, na mkewe akimtazama. Alipomaliza alikinyoosha kikombe mbele, na hakuna aliyekipokea.